Bushi Mpya Zilizokufa kwa Miezi Saba

Mlio ulirudi mwezi wa Septemba. Gari ni Nissan Leaf la kizazi cha kwanza, lile la betri ya kilowati-saa 24, mali ya jirani yangu hapa Nairobi. Februari alikuwa amebadilishiwa bushi mbili za ekseli ya nyuma katika gereji moja ya mjini, akalipa, akaondoka na gari lililotulia. Miezi saba baadaye kila tuta lilijibu tena kwa nyuma: gudu, gudu. Katika gari la petroli mlio kama huo unaweza kujificha chini ya ngurumo ya injini kwa muda mrefu. Ndani ya Leaf hakuna cha kuuficha.

Bushi za ekseli hazifi kwa miezi saba. Nilikwenda naye kwa fundi wa pili kwa sababu hiyo hasa, nikakaa pale tangu asubuhi mpaka gari liliposhuka.

Tuanze na namna kitu chenyewe kilivyo. Nyuma ya Leaf kuna ekseli ya kipande kimoja: mikono miwili ya chuma, kila mmoja ukibeba gurudumu lake, na kati yao boriti inayokubali kujisokota kidogo gurudumu moja linapopanda na jingine likabaki chini. Springi zinabeba uzito, shokomzoba zinatuliza mrukaruko. Lakini kinachoishika ekseli isiende mbele, nyuma wala upande ni ncha mbili za mbele tu, na kila ncha ina bolti moja inayopita ndani ya bushi.

Bushi nayo ni bomba la chuma ndani ya bomba la chuma, na kati yake raba iliyogandishwa pande zote mbili. Bolti inapokazwa, bomba la ndani hubanwa kwenye bodi lisigeuke kamwe. Gurudumu likipanda na kushuka, hakuna kinachoteleza. Ni raba inayojisokota, kisha inarudi. Mahali pale bolti ilipokazwa ndipo raba inapohesabu kuwa nyumbani.

Fundi alikuwa mtu mzima, mpole, na kabla ya kuinua chochote alilala chini na tochi. Akatia mtaimbo kati ya mkono wa ekseli na bodi, akausukuma taratibu. Raba ilifunguka kama mdomo. Akahamia upande wa pili: mpasuko ule ule, mahali pale pale, kwa mwelekeo ule ule. Raba iliyozeeka huchanika ovyo, na mara nyingi upande mmoja hutangulia. Hizi zilikuwa zimechanika kama pacha. Akachukua spana, akalegeza bolti ya kushoto gari likiwa bado limesimama kwa magurudumu yake. Ilipoachia, bomba la ndani liligeuka lenyewe kwa kishindo kidogo, ta!, kama kamba iliyokatwa ikiwa imevutwa.

"Umeona, mwanangu?" akamwambia kijana anayemfundisha kazi. "Hii ilikazwa ikining'inia."

Jibu lote lilikuwa hapo. Fundi wa kwanza aliinua gari, magurudumu yakashuka mpaka mwisho wake, akaingiza bushi mpya na kukaza bolti katika hali hiyo. Raba ikahesabu kuwa pale chini ndipo nyumbani. Gari liliposhushwa, mikono ya ekseli ikapanda hadi kimo chake cha kawaida na raba ikasokotwa kabla gari halijatembea hata hatua moja. Tangu siku hiyo haikupumzika, hata gari likiwa limeegeshwa usiku. Leaf lina uzito wa takriban tani moja na nusu, na betri peke yake inakaribia kilo 300. Kila tuta liliongeza msokoto juu ya msokoto.

Kazi ya pili ilianza kwa futi ya kupimia. Kabla ya kuinua, fundi alipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kila upande, akaandika kwa chaki sakafuni. Nitaurudia mstari ule wa chaki.

Kisha jeki. Hapa ndipo gari la umeme linapodai akili tofauti, na hapa ndipo ninapoogopa gereji zetu nyingi. Betri ya Leaf imelala chini ya sakafu, na sehemu yake ya nyuma inafika chini ya kiti cha nyuma, karibu na bolti zile zile za ekseli. Kijana alisukuma jeki kuelekea katikati, mahali ambapo kwenye gari jingine pangekuwa pazuri. Mzee akamshika bega: "Hapo usiguse. Hiyo si chasi, ni betri." Gari liliinuliwa kwa alama za kiwandani kwenye ukingo chini ya milango, likawekwa juu ya stendi. Hata boriti ya ekseli haikuguswa na jeki katikati yake, maana imetengenezwa ijisokote, haikutengenezwa kubeba gari.

Gari lilikuwa limezimwa, waya wa chaji umechomolewa, na ufunguo uko mezani mbali. Plagi ya kukata umeme mkubwa, iliyo chini ya zulia mbele ya kiti cha nyuma, hawakuichomoa, na nakubaliana nao: kazi hii haifungui waya wowote wa rangi ya machungwa, yaani wa umeme mkubwa. Kuichokonoa bila sababu wala glavu zake ni kuongeza hatari.

Shokomzoba zikafunguliwa kwa chini, ekseli ikashushwa polepole kwa jeki mbili, springi zikatoka. Mirija ya breki, waya za vipima-mwendo vya magurudumu na kebo za breki ya kuegeshea zilitolewa kwenye vishikizo vyake ili zisibebe uzito wa ekseli. Bolti ya kulia ilikuwa imeshikwa na kutu. Magari haya huja kwetu kutoka Japani yakiwa yametumika, na yaliyokaa sehemu zenye theluji hukanyaga chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kilomita chache kwenye dashibodi hazisemi lolote juu ya chumvi hiyo, wala juu ya umri wa raba.

Kutoa bushi kuukuu, mafundi wengi huchoma raba kwa moto wa gesi. Ni njia ya haraka. Chini ya betri ya lithiamu, sikubali hata kuijadili. Mzee alitumia msumeno wa chuma: akalikata bomba la nje mstari mmoja kutoka ndani, kwa uvumilivu wa karibu saa nzima kila upande, mpaka likalegea na kuvutwa nje kwa presi ya mkono. Bushi mpya, iliyoagizwa kwa namba ya chasi, ina matundu ndani ya raba, na matundu hayo yana upande wake wa kuelekea. Alikuwa ameshachora alama ya rangi kwenye mkono wa ekseli. Akapaka maji ya sabuni, si grisi, kwa kuwa mafuta hula raba, akaisukuma mpaka alama zikakutana.

Bolti zikarudishwa kwa vidole tu. Springi, shokomzoba, magurudumu, gari likashushwa juu ya mbao nene ili mtu apate kupita chini. Wakaligandamiza nyuma mara kadhaa, wakapima kwa futi: kimo kilirudi kwenye mstari wa chaki. Ndipo mzee akajiingiza chini na spana ya kipimo, akakaza bolti ya kushoto, kisha ya kulia. Dakika tano.

Lilipopelekwa kupimwa magurudumu, mlio haukusikika tena, na magurudumu ya nyuma yalionekana yamenyooka. Hilo lilitufurahisha zaidi ya ukimya wenyewe, kwa sababu nyuma ya Leaf hakuna skrubu ya kurekebishia: vipimo vikiwa vibaya, ama bushi zimekaa vibaya ama ekseli imepinda. Jirani yangu ameombwa arudi baada ya kilomita elfu moja. Mzee anataka kulala tena chini na tochi yake aitazame raba.