Gari la Waya na Hukumu ya Meza

Sanaa ya mtoto aghalabu huhukumiwa kwa macho peke yake. Mchoro husifiwa kwa rangi zake, chungu kwa umbo lake. Gari la waya halikubali hukumu hiyo. Likiwa limesimama ni mkunjo wa waya, kopo na vipande vya kandambili. Thamani yake hudhihirika linaposukumwa.

Mahali pa kulitafakari gari hilo ni Gongoni, mjini Tabora. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji, na katika karne ya 19 mzigo ulisafiri juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mwaka 1912 reli ya kati ikafika Tabora, na gurudumu likaupokea mzigo. Mtoto anayekata gurudumu kutoka kandambili iliyochakaa huigusa historia hiyo kwa vidole, hata kama hajasimuliwa.

Ndani ya kazi hiyo mna somo zima la mwendo. Gurudumu lisipokuwa duara, gari hurukaruka. Kijiti cha katikati kikibana, gurudumu huburuzika badala ya kuzunguka. Kwenye kichanga gari huzama, na fundi mdogo hujifunza kuyapanua magurudumu. Likikatishwa kona kwa kasi hupinduka. Mwenyewe huushusha mzigo au hutanua upana wa chini. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga; mtoto hulithibitisha hilo kwa usukani wake mrefu. Kosa lenyewe ndilo mwalimu.

Lugha nayo iko tayari kumpokea. Msuguano umezaliwa na kusugua, mchapuko na kuchapuka. Mtoto aliyekwisha kukipaka mafuta kijiti cha gari lake anaujua msuguano kabla ya kuambiwa jina lake. Ujuzi huo una haja ya kuota mizizi mapema, kwani katika shule nyingi za sekondari za Tanzania fizikia humjia kwa Kiingereza. Asiyekuwa na kitu mkononi wala neno la kwao, hubaki na kukariri.

Kasoro hutokea chombo hiki kinapoingia darasani. Mara nyingi huwekwa juu ya meza ya maonyesho, kikapewa alama kwa unadhifu. Meza imekigeuza kinyago. Kasoro ya pili ni ya mitaani: kazi hii huachiwa wavulana, kana kwamba mwendo si elimu ya msichana. Ya tatu ni sifa ya huruma, ile ya kukiita ubunifu wa umaskini. Alexander Calder, Mmarekani aliyesomea uhandisi, alitengeneza mjini Paris katika miaka ya 1920 sarakasi ndogo ya waya, vitambaa na vizibo, akaichezesha kwa mikono yake mbele ya wageni. Kazi hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho jijini New York, na hakuna anayeionea huruma.

Haki ya gari la waya ni kushushwa sakafuni. Lisukumwe, lipinde upande, kisha mtoto, wa kike au wa kiume, aulizwe kwa nini limepinda, na apewe waya wa kulirekebisha. Hapo sanaa na elimu zitakuwa zimekwenda pamoja.