Dhahabu ya Unga: Mashine ya Sentrifuji Inavyoinasa, na Inapoikosa

Kwenye mialo mingi ya Geita, Kahama na Chunya, yaani sehemu za kuoshea mawe yaliyosagwa ili kupata dhahabu, mchimbaji mdogo hulipia usagaji wa mawe yake mara mbili. Kwanza analipa fedha ya karasha, yaani kinu cha kusagia mawe, kisha anaacha marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuoshwa. Anaondoka na dhahabu iliyonaswa na magunia ya mwalo na kukamatwa na zebaki. Marudio yanarundikwa, na baadaye yanaingia kwenye matangi ya sayanaidi ya mtu mwenye mtaji. Mwenye mtaji huyo habahatishi: anayataka marudio kwa sababu dhahabu imo, na mara nyingi imo nyingi kuliko ile aliyoondoka nayo aliyeteremka duarani, yaani shimoni, kuyachimba mawe.

Sehemu kubwa ya dhahabu hiyo ni ya unga, punje ambazo jicho halizioni hata ndani ya karai. Mashine ya sentrifuji ilibuniwa kuzikamata punje za namna hiyo kwa maji na mwendo tu, bila tone la zebaki. Naiunga mkono, na ningependa kuiona kwenye mialo mingi zaidi. Lakini inamlipa anayesaga kwa hatua, anayetumia maji safi na anayepima marudio yake. Asiyefanya hayo atanunua chuma cha bei kubwa na kuendelea kupoteza dhahabu ileile.

Kwa nini maji yanaondoka nayo

Kwa ujazo uleule, dhahabu ina uzito mara 19.3 ya maji, wakati kwatzi, jiwe jeupe linaloibeba, ni mara 2.65 tu. Punje zikiwa za milimita moja, tofauti hiyo inatosha: dhahabu inazama, mchanga unakwenda na maji. Zikiwa ndogo, hesabu inageuka. Punje ya dhahabu ya mikromita 20, yaani sehemu ya 50 ya milimita, huzama kama milimita 4 kwa sekunde kwenye maji yaliyotulia. Punje ya kwatzi ya mikromita 66 nayo huzama kwa mwendo huohuo. Maji hayawezi kuzitenganisha hizo mbili kwa uzito wa kawaida wa punje, na maji ya mwalo wala hayajatulia. Yanateremka kwa kasi, yanajikunja, na kila yanapojikunja yanainua kilichoanza kuzama. Gololi za karasha huongeza tatizo, kwa sababu dhahabu ni laini: ikigongwa muda mrefu inalazwa kuwa vipande vyembamba vinavyoelea kwa urahisi zaidi.

Zebaki haiponyi ugonjwa huu. Inakamata punje inayoigusa tu, na punje iliyofunikwa na kutu au tope haigusiki. Tena zebaki yenyewe ikisuguliwa na mawe hupasuka kuwa vitone vidogo vinavyosombwa na maji pamoja na dhahabu iliyokwisha kushika. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, umezitaja wazi mbinu zinazopaswa kukomeshwa: kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa, kuchoma mahali pa wazi dhahabu iliyoshikana na zebaki, kuichoma kwenye makazi ya watu, na kutia sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki bila kuiondoa kwanza. Mbinu hizo nne ndizo mnyororo mzima wa kazi kwenye mialo mingi. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu hutoa karibu asilimia 38 ya zebaki yote inayoingia hewani kutokana na kazi za binadamu.

Ndani ya bakuli

Mashine ni bakuli lenye umbo la koni, mdomo mpana juu na kitako chembamba, lililofungwa kwenye mhimili unaozungushwa na mota. Ukutani kwa ndani kuna pete, yaani mifereji inayolizunguka bakuli moja juu ya nyingine. Tope la mawe yaliyosagwa huingia kwa bomba la katikati hadi chini, likarushwa ukutani, likapanda pete baada ya pete hadi mdomoni, ambako marudio hutokea.

Chukua bakuli la kipenyo cha sentimita 30 linalozunguka mara 600 kwa dakika, yaani mara 10 kwa sekunde. Kilichopo ukutani kinasukumwa kwa nguvu karibu mara 60 ya uzito wake wa kawaida. Ongeza kasi mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Punje iliyokuwa ikizama milimita chache kwa sekunde sasa inakimbilia ukutani kabla mkondo haujaipitisha mdomoni.

Nguvu hiyo peke yake haikutosha. Mabakuli ya kuzunguka yalikuwa yakitumika Marekani tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na yote yalikuwa na kasoro moja. Nguvu inayoibana dhahabu ukutani huubana na mchanga pia. Baada ya muda mfupi pete hujaa mchanga mgumu kama sakafu, na dhahabu inayofuata inateleza juu yake hadi nje. Byron Knelson wa British Columbia, Kanada, alilitatua hilo mwishoni mwa miaka ya 1970. Alitoboa matundu madogo kwenye pete na kusukuma maji safi kutoka nje ya bakuli kuelekea ndani. Maji hayo huulegeza mchanga uliolala kwenye pete: chembe nyepesi zinainuliwa na kuondoka, nzito zinapenya na kuchukua nafasi zao. Dhahabu inayofika dakika ya hamsini inapata mlango kama iliyofika dakika ya kwanza. Baadaye zilikuja mashine za aina ya Falcon, zilizobuniwa mkoa huohuo, zinazozunguka kwa kasi kubwa zaidi kwa ajili ya punje ndogo zaidi.

Utendaji wote unategemea mizani hiyo ya nguvu mbili. Maji ya matundu yakipungua, pete zinaganda na bakuli linarudi kuwa lile la zamani. Yakizidi, yanaitoa hata dhahabu ya unga. Kwa hiyo kipimo cha presha na koki ya maji vinastahili uangalizi kuliko mota. Na maji hayo yawe safi kwelikweli. Yale ya bwawa la mwalo, mekundu kwa udongo, yataziba matundu, na tundu likiziba, kipande chote cha pete hiyo kimekufa. Tenki la kutuamisha maji na kichujio ni sehemu ya mashine, hata kama muuzaji hakuviweka kwenye bei.

Kazi inayoanza kwenye karasha

Sentrifuji inakamata dhahabu iliyoachana na jiwe. Iliyofungwa ndani ya kwatzi au ndani ya pairiti, madini ya chuma na salfa, inapita kama jiwe. Hapa ndipo wengi hukosea: wanasaga kila kitu kikavu na kwa mara moja hadi kiwe vumbi, wakiamini ulaini ndio dawa. Dhahabu kubwa iliyokwisha kufunguka inaendelea kugongwa hadi inakuwa unga, na vumbi kavu la kwatzi linaingia kwenye mapafu ya wasagaji na kuwaletea silikosisi.

Njia bora ni kusaga kwa maji na kwa hatua. Saga hadi milimita moja, chekecha, pitisha kwenye mashine, toa kilichonaswa. Kisha saga tena marudio yake hadi yawe laini zaidi, upitishe mara ya pili. Migodi mikubwa hufanya kazi kwa wazo hilohilo, kwani huiweka sentrifuji ndani ya mzunguko wa kinu ili dhahabu ikamatwe mara tu inapofunguka, kabla haijasagwa zaidi.

Kuna adui mwingine kwenye karasha: chuma. Gololi na kuta za kinu hulika, na vipande vyake, vyenye uzito karibu mara 8 ya maji, hujaza pete kwa haraka. Ukifungua bakuli ukakuta pete nyeusi zinazong'aa, jua kwamba nafasi ya dhahabu imechukuliwa. Sumaku iliyowekwa kwenye njia ya tope kabla ya mashine huondoa sehemu kubwa ya chuma hicho kwa gharama ndogo.

Baada ya mzunguko mmoja wa kazi kwisha, tope na bakuli husimamishwa, na makinikia, yaani mchanga mzito ulionaswa, huoshwa kutoka kwenye pete hadi kwenye ndoo. Hapo tani ya mawe imekuwa kilo chache. Makinikia hayo husafishwa kwa meza ya kutikisa au karai, kisha huyeyushwa na boraksi, njia iliyotumiwa na wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, kwa miongo mingi. Boraksi hushusha joto la kuyeyukia la mawe na kutu ya chuma, vikawa takataka ya kioo juu, dhahabu ikatua chini. Boraksi ni ya makinikia tajiri. Kwa mawe ghafi haifai. Kwa hiyo sentrifuji ndiyo inayoiwezesha boraksi kushika nafasi ya zebaki.

Marudio ndiyo mwalimu

Makinikia yanayong'aa hayakuambii ulichopoteza. Tuseme mawe yako yana gramu 10 kwa tani na marudio yanatoka na gramu 6: umekamata asilimia 40 tu, hata kama kitonge mkononi kinavutia. Kila baada ya dakika 10, kinga chombo kwenye mdomo wa marudio na ukate mkondo wote, upande hadi upande, si kuchota pembeni. Kausha, changanya, gawa mafungu manne, baki na mawili yanayokabiliana, rudia hadi upate kiasi cha kupeleka maabara. Sampuli zikionyesha dhahabu inapanda kadiri muda unavyokwenda, pete zimejaa na mzunguko ufupishwe.

Kisha chekecha marudio kwa ukubwa na upime kila fungu. Dhahabu ikiwa kwenye punje kubwa, bado imefungwa na jiwe: rudi kwenye karasha. Ikiwa kwenye unga na imefunguka, kosa liko kwenye maji, kasi au wingi wa tope. Ikiwa imo ndani ya pairiti, mashine hii haiwezi kuifungua, na hayo ndiyo marudio halali ya sayanaidi kwa mwenye kibali na miundombinu. Kwa kuwa hayajaguswa na zebaki, yanaingia tangini bila kuvunja Mkataba wa Minamata.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kikundi chenye leseni ndogo kinachofikiria mkopo wa mashine ni huu. Kabla ya kuzungumza na muuzaji, pimeni marudio mliyonayo kwa ukubwa wa punje. Tembeleeni vituo vya mfano vya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) vya Lwamgasa na Katente mkoani Geita, au Itumbi wilayani Chunya, muone uchenjuaji usiotumia zebaki unavyopangwa. Wekeni kwenye bajeti kinu cha kusagia kwa maji, chekeche, sumaku na tenki la maji safi pamoja na bakuli lenyewe. Na kwenye mkataba na mwenye karasha, andikeni wazi marudio ni ya nani. Mchimbaji akishajua ni gramu ngapi zimebaki kwenye marudio yake, hatayaacha tena kama sehemu ya malipo ya kusagiwa.