Ombi Lilitangulia Hesabu

Mliofuatilia mkutano wa mshikamano na wakimbizi pale Munyonyo, Kampala, Juni 2017, mnakumbuka lengo: dola bilioni 2. Ahadi zilizopatikana hazikuvuka sana dola milioni 350. Wengi bado wanalalamika kwamba wafadhili walitutupa. Mimi nasema andiko la ombi lenyewe lilikuwa na kasoro kabla mgeni wa kwanza hajaketi.

Kosa ni kutangaza ombi kabla ya kuhakiki walengwa. Uhakiki ulianza Machi 2018, kwa alama za vidole na mboni za macho. Kufikia Oktoba, waliothibitishwa walikuwa kama milioni 1.1, ilhali daftari la wakimbizi lilikuwa limefika milioni 1.4. Idadi ya walengwa ikiyumba, kila mstari wa bajeti chini yake unayumba, kuanzia mahindi hadi madawati.

Najua mtakalojibu: watu walikuwa wakimiminika kutoka Sudan Kusini, na Imvepi ilikuwa imefunguliwa Februari tu. Sawa. Basi hapo ndipo makadirio huitwa makadirio, na ombi hupangwa kwa ngazi: tukipata nusu tunafanya hili, tukipata robo tunafanya lile. Badala yake tarakimu moja nene ndiyo iliyobebwa kila mahali, na chochote kilichopungua kikaonekana aibu.

Silaumu sera ya Uganda yenyewe: ya kumpa mkimbizi kiwanja na ruhusa ya kufanya kazi, ilistahili sifa zake.

Kasoro hiyo hiyo ya andiko inaenezwa na jamaa wa semina za fikra chanya, hata kama mmechoka kunisikia nikiwasema. Wao huviambia vikundi vya Logiri na Koboko, hapa West Nile, vinavyoomba ufadhili kwamba mfadhili hapendi kusikia shida. Matokeo yake, andiko la kilimo cha kutegemea mvua linaahidi mavuno kwa "kaya zote", na kwenye safu ya hatari limeandikwa neno moja: "hakuna". Mkaguzi akifika hapo hafungui ukurasa unaofuata.

Wazee wa hospitali ya Kuluva, hapa hapa Vurra, hawakuandika hivyo. Dk. Ted Williams aliweka kumbukumbu za wagonjwa wa uvimbe wa Burkitt, saratani ya watoto, mmoja mmoja. Mwaka 1961 yeye na Denis Burkitt walizunguka Afrika kama maili 10,000 kwa gari kuukuu, hospitali kwa hospitali, na jibu la "hapa hatujauona" lilikuwa na uzito sawa na "upo". Ramani ya ugonjwa ilitokana na majibu yote mawili.

Watafiti wa IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, walipoanza kazi West Nile mwaka 1972, walijua kwamba ugonjwa huo wanaoufuata ni adimu. Kwa hiyo walipanga kwa uadimu huo: walichukua damu ya watoto wapatao 42,000. Matokeo yalipochapishwa 1978, waliougua miongoni mwao walikuwa 14. Semina zetu zingewashauri wabadilishe kiashiria! Lakini hao 14 ndio walioipa nguvu hoja kwamba virusi vya Epstein-Barr vinahusika na uvimbe huo, kwa sababu mpango ulikuwa umetarajia uchache.

Matumaini yana nafasi yake: yaandikeni kwenye lengo kuu. Idadi ya walengwa iandikwe na aliyepita nyumba kwa nyumba. Na safu ya hatari mpeni mweka hazina wa kikundi, yule anayejua ni nani hajarejesha mkopo na kwa nini.