Nyumba ya Fito na Kasumba ya Bati

Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliilaumu tabia ya kungoja saruji na bati ilhali udongo wa matofali ya kuchoma tunaukanyaga kila siku. Lawama hiyo ilikuwa ya haki. Kuidharau nyumba kwa kuwa haikutoka kiwandani ni kasumba.

Lakini uchambuzi wa kijamaa hauwezi kuishia hapo. Tuitazame Kwamsisi, Handeni, kijiji cha ujamaa kilichojulikana miaka ya 1970 kwa jaribio la kuunganisha shule na maisha ya wanakijiji. Mkulima wa Kizigua alijenga kwa miti, fito, udongo na nyasi za hapo hapo, na nyumba ilipochakaa ilirudi ardhini. Mapatano hayo na mazingira yalitegemea kaya kukaa mbalimbali. Operesheni Vijiji (1973 hadi 1976) ilipokusanya watu mahali pamoja, katika sehemu nyingi miti na nyasi zikawa za kufuatwa mbali. Hata tofali la kuchoma hula kuni.

Tena, nani huteka maji ya kukandikia? Mwanamke. Wanaoisifu nyumba ya nyasi kuwa ni urithi mara nyingi huisifu wakiwa chini ya bati (ndugu msomaji, jichunguze). Kosa halikuwa mkulima kutamani bati. Mchwa anamjua yeye. Kosa lilikuwa kuuacha ufundi wake udumae. Msingi wa mawe, upenu mpana, lipu ya udongo na chokaa: hayo shule kama ya Kwamsisi ingeweza kuyafundisha kwa mikono, bila kungoja meli ya saruji.