Kesho Inayoandikwa Magazetini

Sisi tunaosali Kigogo, Tandale na Mtoni husoma habari za mabadiliko ya tabianchi kama watu wanaotajwa lakini hawaulizwi. Magazeti yetu yana namna mbili za kusimulia kesho. Ya kwanza ni ya mwaka 2050 au 2100: bahari itapanda, Dar es Salaam itazama. Ya pili ni ya asubuhi hii: Msimbazi umefurika, Jangwani hapapitiki, na picha ya mtu aliyejitwika godoro. Katikati hamna kitu, na ndimo tunamoishi.

Tazama lugha yenyewe. Katika habari ya kwanza linazama jiji zima, kana kwamba ni mtu mmoja. Katika ya pili wanaozama ni “wakazi wa mabondeni”, ambao aghalabu huambiwa walikaidi kuhama. Janga la mbali halina mkosaji. La karibu linaye, naye ni maskini. Mwenye nyumba ufukweni Msasani naye amejenga karibu na maji, lakini hatujasoma akiitwa mkaidi.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na baadhi ya waliopoteza makazi wakapewa viwanja Mabwepande. Hapo ndipo kesho ilipoanza kweli: nauli ya kwenda mjini, maji ya kununua, shule ya watoto, wateja wa maandazi waliobaki Magomeni. Mahema yalipigwa picha sana. Baadaye wapo waliorudi bondeni, na kurudi kwao kukaelezwa kama ukaidi, si kama hesabu ya nauli.

Yeremia alitabiri maangamizi bila kupunguza ukali. Lakini Yerusalemu ikiwa imezingirwa, naye yuko kifungoni, alinunua shamba Anathothi kwa binamu yake Hanameli. Alipima shekeli 17 za fedha, akaita mashahidi, hati ikahifadhiwa ndani ya chombo cha udongo. Unabii wake ulikuwa na bei, na muuzaji alikuwa na jina.

Hatuwaombi waandishi watufariji. Wataalamu wakisema bahari inapanda, na waandike hivyo. Ila Mradi wa Bonde la Msimbazi unapohamisha watu, waandike pia: mwenye nyumba ya vyumba vinne Kigogo amelipwa kiasi gani, mpangaji wake amepata nini, na fedha hizo zinanunua kiwanja wapi?