Sifa za Kiraka

Mtu anayekusanya vitambaa vya viraka utamjua kwa tabia moja: kabla hajasifu, anageuza. Unamtandazia upande wa mbele wenye rangi zote, yeye anashika pindo, anapindua, anapitisha kidole gumba juu ya mshono na kutafuta mahali uzi ulipofungiwa fundo. Mbele pametengenezwa kwa ajili ya wageni. Nyuma ndiko anakoonekana mshonaji: kama mkono ulikuwa na haraka, kama uzi mweupe uliisha akamalizia na mweusi, kama kipande hiki kilikuwa mfuko wa suruali na bado kina alama ya kalamu iliyovuja.

Mabira, katika Wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kuanza mkusanyo wa namna hiyo hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji kuinama. Chini ya cherehani ya fundi wa barazani pana lundo la masalio: pembe za vitenge vya sare za harusi, vipande vya kanga, bitana, sketi ya shule iliyopunguzwa. Mengine hujazwa kwenye mito, mengine huwashia jiko. Siku ya gulio, ndani ya robota la mitumba, mara mojamoja hutokea tandiko zito lililoshonwa kwa vipande visivyohesabika, limevuka bahari, na muuzaji analiita blanketi tu. Kamusi zina neno mfarishi, ila ukilitamka gulioni utaulizwa umetoka wapi.

Neno kiraka lenyewe lina maisha ya ajabu. Barabarani ni lawama, maana kila dereva anajua kiraka cha lami hudumu mpaka mvua ijayo. Kwenye goti la suruali ya mtoto ni umaskini. Uwanjani ni sifa: mwanasoka Erasto Nyoni aliitwa kiraka kwa sababu kocha aliweza kumpanga beki wa pembeni, beki wa kati au kiungo, na pengo likazibika. Kwa hili mashabiki wa soka wamewatangulia washonaji.

Na si kwamba sifa hiyo ni ngeni upande huu wa Ziwa Victoria. Mwishoni mwa mwaka 1861 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alikaa Karagwe kwa Mfalme Rumanyika, na Januari 1862 akaondoka kuelekea Buganda. Alipofika kwenye jumba la Kabaka Mutesa, jicho lake lilikwenda kwenye mavazi. Watu wa pale walivaa mbugu, nguo za gome la mti, zilizonyooka kama zimetiwa wanga, na juu yake majoho ya ngozi za swala wadogo, vipande vingi vilivyounganishwa kwa ustadi alioulinganisha na ule wa washona glavu wa kwao Uingereza. Vazi la heshima la ikulu lilikuwa la viraka, na hakuna aliyeliona kuwa la maskini.

Mbugu nayo ina kiraka chake, na hapa inafaa tuketi kidogo. Waganda huuita mti wake mutuba. Ni mmoja wa jamii ya mikuyu. Gome huchunwa wakati wa mvua, kisha shina huvishwa majani ya mgomba ili lisikauke, na mti ukaota gome jipya la kuchunwa tena. Gome hulowanishwa, hulazwa juu ya gogo ndani ya kibanda kisicho na kuta, likagongwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji: kwanza nyundo ya mifereji mipana, mwisho ya mifereji myembamba kama mistari ya daftari. Linatanuka, linalainika, linaanikwa, na jua hulipa rangi ya chungu kilichochomwa. UNESCO ilitangaza utengenezaji huo wa Uganda kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, ukaingizwa kwenye orodha yake mwaka 2008.

Lakini mti una matawi na makovu, na pale palipokuwa na kovu mbugu hutoboka. Fundi haitupi kwa ajili hiyo. Hukata tundu likae vizuri, hupachika kipande cha mbugu, hushona kwa nyuzi za mmea, mishono midogo iliyobanana. Ukikunjua mbugu kuukuu, uwanja mzima wa rangi ya udongo ni mtulivu. Jicho linakimbilia kiraka. Ndipo mkono wa mtu ulipotua.

Nguo za pamba zilikuja baadaye na misafara. Karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, Karagwe, na miongoni mwa mizigo ya misafara ya siku zile ilikuwamo merikani, nguo iliyopata jina kwa sababu ilifumwa Marekani, katika viwanda vya Massachusetts. Hata kanga, ambayo leo tunaiona kipande kimoja kisicho na doa, inasimuliwa pwani kwamba ilizaliwa kwa sindano: wanawake walinunua leso sita za mkononi zikiwa bado hazijakatwa, wakazigawa tatu tatu, wakaziunga ziwe vazi moja. Wenye viwanda walikuja kuchapisha tu kile ambacho wanawake walishakishona.

Waafrika waliovushwa bahari walikutana na viraka pia. Huko Karnataka, India, Wasiddi, ambao asili yao ni Afrika, hushona tandiko waliitalo kawandi kutoka nguo zilizochakaa. Huanzia pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, na kwenye kona hutia vipande vidogo vilivyokunjwa, vinavyoitwa maua. Tandiko lisilo na maua huhesabiwa kuwa uchi. Na huko Gee's Bend, kijiji cha watu weusi Alabama, Marekani, mwaka 1942, Missouri Pettway alishona tandiko kutoka nguo za kazi za mumewe aliyefariki, apate kujifunika kumbukumbu yake. Matandiko ya kijiji hicho yalitundikwa kwenye makumbusho ya Houston mwaka 2002, na mwaka 2006 yakachapishwa kwenye stempu za posta. Mtu wa Kagera hahitaji kufafanuliwa jambo la mjane yule. Buganda mbugu bado humfunika maiti.

Raha za mkusanyaji, hata hivyo, ni za saa kumi za jioni. Mvua imekatika, ua umefagiwa, kamba imefungwa kati ya mwembe na nguzo. Vitambaa vinatolewa sandukuni vipigwe hewa kivulini, upande wa nyuma ukiwa nje, maana jua halichagui, linakula rangi ya fundi hodari sawa na ya mzembe. Kila kimoja hukunjwa upya mahali pasipokunjwa mara ya mwisho, kwa kuwa pamba iliyolazwa kwenye mkunjo uleule miaka mingi hukatikia hapo. Nondo hupenda sufu zaidi; panya hupenda vyote.

Halafu anaingia mgeni, anapewa kahawa ya kutafuna, na maonyesho yanaanza bila tiketi. Bibi mmoja anaweka kidole kwenye pembetatu ya kijani na njano: hii ni kanga ya kampeni. Jirani yake ni kitenge cha akina mama wa kanisa, na chini yao kipande cha sare ya harusi ambayo ndoa yake, wote wanajua, haikufika miaka miwili. Vimelazwa pamoja bila ugomvi. Mazungumzo yanahama kutoka kitambaa kwenda kwa watu na hayarudi mpaka giza liingie.

Kuna wakusanyaji wanaoviweka vyote ndani ya nailoni, visiguswe. Mwandishi huyu hawaungi mkono. Angalau kimoja kilaliwe: usiku wa Karagwe una baridi ya kutosha kukipa kazi, na uzito wa viraka juu ya miguu ni kitu ambacho picha haiwezi kukupa.

Upo upungufu mmoja, nao unaumiza. Vitambaa vingi mno havina jina la aliyeshona. Basi, msomaji, kama kwenu kuna tandiko la viraka, la bibi au la shangazi, ligeuze leo. Muulize mwenyewe angali hai: ameshona lini, na kila kipande kilikuwa nguo ya nani. Andika kwenye utepe wa kitambaa cheupe kwa kalamu isiyofutika, kisha ushone utepe huo nyuma, kwenye kona, mishono minane tu inatosha.