Tulinunua resori mbele ya kutafuta ugonjwa

Wenzangu, leo siandiki juu ya mihogo wala juu ya kazi yenye haipatikane. Ninataka kukosoa shauri moja yenye inazunguka sana kati ya vijana wanaopenda magari ya zamani: ukitaka gari ya mzee ishike barabara muzuri, uishushe chini na uitie resori ngumu. Inasemwa kwenye video, inasemwa kwa garaje, inasemwa hata kati yetu sisi watu wa lisansi wenye tulifunzwa kuuliza mbele ya kujibu. Mimi niliifuata. Kidogo ituulie mama.

Baba alituachia Peugeot 504 ya mwaka 1979. Wenye kujua magari wanajua kama 504 haikuwa gari ya mchezo. Ilitoka mwaka 1968, mwaka wa nyuma yake ikachaguliwa Gari ya Mwaka kule Ulaya, na mwaka 1975 Ove Andersson akashinda nayo Safari Rally ya Kenya. Nguvu yake kwa barabara mbaya haikuwa ugumu. Resori zake ni ndefu na laini, na magurudumu iko na nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Ukikuta shimo, gurudumu linashuka ndani, gari yenyewe inabaki imetulia.

Lakini ile yetu ilikuwa imechoka. Kwa kona ilikuwa inalala kama mtumbwi, na nyuma ilikuwa inatangatanga hata kwa barabara iliyonyooka. Mimi na yaya tukakusanya pesa: yeye mshahara wa miezi 2, mimi pesa yenye nilipata kwa mradi wa mpunga kule Kamanyola. Tukaagiza resori fupi za kushusha gari sentimita 4, ngumu kuliko za zamani, pamoja na bare stabilizateri nene ya nyuma, kile chuma chenye kinafunga gurudumu la kushoto na la kuume ili gari isiiname. Resori za baba tukaziuza kwa kilo kwa watu wa vyuma chakavu.

Wiki ya kwanza, ndani ya Bukavu, tulifurahi. Kwa gudroni gari haikuinama tena. Watu walikuwa wanaangalia, sisi tunapiga picha.

Njo ikafika siku ya kushuka Ngomo na mama, tunaenda matanga ya dada yake kule Uvira. Mvua ilikuwa imepita asubuhi. Kwa kona moja yenye mawe na mashimo madogo madogo, nyuma ikaanza kuruka, pa, pa, pa, halafu ikaachilia barabara. Mkia ukaenda kwa upande wa korongo. Tulisimama, gurudumu la nyuma likiwa hatua 2 tu toka ukingo. Mama hakulia. Alisema: "Bana bangu, hii gari ya baba yenu muliifanya nini?"

Swali lile njo limenifanya niandike. Tulifanya makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kuchanganya kuinama na kushika. Gari ikipinda, uzito unahama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya inje ya kona. Ule uzito wenye unahama unategemea mbio, ukali wa kona, uzito wa gari, urefu wa kitovu cha uzito na upana kati ya magurudumu. Ukitia resori ngumu, gari itainama kidogo, ni kweli, lakini ule uzito bado utahama karibu uleule. Kitu resori na bare zinafanya ni kugawa: mbele ichukue ngapi, nyuma ichukue ngapi. Sisi tulitia bare nene nyuma peke yake. Maana yake tulibebesha pine moja ya nyuma mzigo mkubwa zaidi, na ile ingine tukaipunguzia. Kwa udongo wenye umelowa, ni mkia njo unaachilia wa kwanza. Na tena, bare inafunga kushoto na kuume: shimo likipiga gurudumu moja, la pili nalo linasikia.

Kosa la pili: tulisahau kama pine inashika tu pale inagusa. Resori ngumu juu ya mawe inatupa gurudumu hewani, na gurudumu lenye iko hewani halishike kitu. Kazi ya kulirudisha chini na kulituliza ni ya amortiseri. Resori ngumu zaidi inaomba amortiseri yenye nguvu zaidi. Sisi tuliacha zile za zamani. Na zile sentimita 4 zenye tulijivunia kwa picha, tuliziiba kwa nafasi ya gurudumu ya kupanda. Nafasi ikiisha, gari inapiga kwa mpira wa mwisho, na pale resori ni kama imekuwa jiwe.

Kosa la tatu ni kubwa kuliko yote: tulinunua dawa, hatujatafuta ugonjwa. Kule Uvira, kesho yake, tulipeleka gari kwa fundi mmoja mzee. Hakufungua kwanza resori. Alitia chuma kirefu kwa mikono ya nyuma, akasukuma: mpira zote za silambloki zilikuwa zimekatika, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yalikuwa yanajigeuza yenyewe. Njo kule kutangatanga! Akapangusa amortiseri, mkono ukatoka na mafuta. Halafu akatuonyesha namba 4 kwa ubavu wa pine: 1109. Wiki ya 11, mwaka 2009. Meno ya pine yalikuwa bado marefu, lakini mpira ulikuwa umekauka kama ubao. Akatuangalia, akasema: "Ninyi mulisoma, lakini mulivalisha mgonjwa viatu vipya, hamukuangalia mguu."

Nilisikia haya, juu mimi nilifunzwa kitu kilekile darasani. Ni sheria ya Liebig: mavuno yanafungwa na kile kinachokosekana zaidi, hata ukiongeza vingine vyote. Mkulima wa Walungu mwenye udongo wake umejaa asidi anaweza kumwaga mbolea ya pesa nyingi na maharagi yakabaki manjano, kama hajatia kwanza chokaa. Kama ningeandika ndani ya TFC "nilitia mbolea bila kupima udongo", mwalimu angenirudishia karatasi. Kumbe kwa gari ya baba nilifanya vile, na nikaita ile kazi maendeleo.

Tuseme haki: wenye kutoa ile shauri hawadanganye. Kwa barabara laini kama meza, na amortiseri zilizochaguliwa pamoja na resori, gari ya chini na ngumu inajibu usukani haraka na inapita kona muzuri. Kosa lao ni kunyamaza juu ya barabara yao. Na kosa letu ni kuamini kama barabara yao ni yetu.

Basi kama ni mimi wa kupanga, ningeanza na pine: miaka yake na pumzi yake. Nyuma ya pale amortiseri, zote 4. Halafu silambloki na rotili. Zile silambloki ngumu za plastiki zenye zinasifiwa sana zinaleta kelele na mtetemo. Kwa njia zetu, mpira mupya wa kawaida unatosha. Kisha paralelisme. Pale tu utembeze gari mwezi muzima. Ikiwa bado inainama kupita kiasi, ongeza bare ya mbele kwanza, tena kidogo. Mbele ikianza kuteleza, gari inakataa kupinda, na wewe unasikia mapema, unapunguza mbio. Nyuma ikiteleza, haikupe wakati. Resori ziwe za mwisho.

Sisi tulizunguka wiki 3 kutafuta resori kama zile za baba. Tulizipata Kadutu, kwa 504 ingine yenye ilikuwa imekufa, na tulilipa mara nyingi kuliko ile bei ya kilo. Tukatia pine mupya, amortiseri, silambloki. Ile bare nene iko chini ya kitanda cha yaya. Gari bado inainama kwa kona. Lakini haitangetange tena, na juu ya mawe inapita kama vile baba alikuwa anaipitisha.

Mama alikataa kuipanda miezi 4. Sasa anapanda, anakaa nyuma, na tukifika Ngomo anashika mlango kwa mikono miwili. Hatumwambie aache.

Kama kwenu iko gari ya mzee, toka inje leo, usome ile namba 4 kwa ubavu wa kila pine. Utuandikie hapa chini umekuta mwaka gani.